UZI: Daichi Suzuki, Mjapani aliyebeba dhahabu ya Olimpiki akitokea chini ya maji mpaka wakubwa wakabadilisha sheria

Mzee wa Stopuochi

Wakuu heshima kwenu. Jukwaa hili ni Simba na Yanga asubuhi mpaka usiku, leo naomba tutoke kidogo twende bwawani. Namleta kwenu Daichi Suzuki, Mjapani, muogeleaji wa chali (bakstroku kwa waliosoma shule zenye bwawa), kaachana na mashindano tangu 1992 kwa hiyo vijana wengi humu hamjamuona hata kwenye marudio.

Kazaliwa Machi 1967, Narashino, mkoa wa Chiba, pale jirani na Tokyo. Kasoma Chuo Kikuu cha Juntendo. Olimpiki ya kwanza kaenda Los Angeles 1984 akiwa na miaka 17, fainali ya mmojammoja hakufika, kwenye mita 100 akawa wa 11. Japani nzima ile mwaka 84 haikupata medali hata moja ya mbio za kuogelea. Na hao ni watu ambao zamani walikuwa wababe wa bwawa, 1932 palepale Los Angeles mita 100 chali wanaume walichukua dhahabu, fedha na shaba zote tatu peke yao, Kiyokawa, Irie na Kawatsu, wageni wakabaki wanapiga makofi. Dhahabu ya mwisho ya kuogelea kabla ya Suzuki ilikuwa Munich 1972. 1976 hawakupata medali, 1980 wakasusia Moscow na wenzao wa Magharibi, 84 patupu. Miaka 16 ya ukame.

Sasa hapo ndo anakuja huyu dogo na mbinu ya kukaa chini ya maji. Nakuja na sehemu ya pili, network inanizingua.

kigamboni_boy

Nimevuta kiti mkuu. Usitukimbie kama yule wa uzi wa ndege iliyopotea

Dada wa Bwawani

Hatimaye uzi wa kuogelea! Tuendelee kaka, tupo.

Mzee wa Stopuochi

Narudi. Kwa asiyejua, mbio za chali zinaanzia ndani ya maji, muogeleaji anashika kishikio cha jukwaa, miguu ukutani, halafu anajirusha kinyumenyume. Kipindi kile sheria ilikuwa inataka ubaki chali basi, haikusema lazima uibuke baada ya mita ngapi. Zamani watu walikuwa wanaibuka mapema wanaanza kuzungusha mikono. Akaja Jesse Vassallo, mzaliwa wa Ponce kule Puerto Rico aliyekuwa anaiogelea Marekani, bingwa wa dunia 1978, yeye akawa anabaki chini akinyoosha mikono juu ya kichwa na kupiga miguu yote miwili kwa pamoja, mwili unajikunja kama pomboo. Wajapani wakaibeba ile mbinu mpaka leo wanaiita kwa jina lake.

Suzuki na kocha wake, naye anaitwa Suzuki, Yoji Suzuki, wakaifanyia kazi miaka. 1986 dhahabu ya Michezo ya Asia, palepale Seoul. 1987 dhahabu ya michezo ya vyuo vikuu vya dunia, Zagreb. Kwa hiyo anaenda Olimpiki ya 1988 sio mtu wa kubahatisha, ila pia sio yeye aliyekuwa anaogopwa. Aliyekuwa anaogopwa ni David Berkoff, Mmarekani, mwanafunzi wa Harvard. Huyu alikuwa anakaa chini mpaka mita 35 hivi, yaani kwenye bwawa la mita 50 unaona maji matupu kwenye leni yake, watu wanaanza kuulizana jamaa yupo wapi, ghafla anaibuka yupo mbele ya wote. Kwenye mchujo Seoul Berkoff kaweka rekodi ya dunia 54.51. Suzuki mchujo huohuo kapiga 55.90. Hesabu mwenyewe, sekunde moja na pointi 39 nyuma, kwenye mita 100 hiyo ni kuachwa kweli.

Na kulikuwa na Msovieti Igor Polyansky, huyo tayari ana dhahabu ya mita 200 mfukoni aliyoichukua siku mbili nyuma.

Wakili wa Mtaa

Ngoja kwanza. Kukaa chini mita 30 halafu uje uitwe bingwa wa kuogelea chali, hapo si umepiga mbizi tu? Mimi naona ni ujanja ujanja.

Mzee wa Stopuochi

Wakili subiri fainali kwanza ndo uje na kesi yako.

24 Septemba 1988, bwawa la Jamsil. Mazoea ya Suzuki yalikuwa mateke 21 chini ya maji ndo anaibuka, kama mita 25. Kwenye fainali yeye na kocha wakaamua apige 27, aibuke kwenye mita 30. Mateke sita ya ziada. Sasa mtu anaweza kusema sita ni nini, lakini ukishafika teke la ishirini na kitu mapafu yanakuomba hewa na mapaja yanawaka, na bado una mita 70 za kuogelea juu. Ukikosea hesabu unakufa mita 15 za mwisho mbele ya dunia nzima. Na hili ndo linaloniuma watu wakisema alishinda kwa mbinu, mbinu ilikuwepo kwa Berkoff pia tena ndefu zaidi! Mimi naona Suzuki alishinda kwa kujua kipimo chake, aongeze kiasi gani na aongeze lini. Mchujo wote kaficha, kaonyesha fainali tu.

Faida nyingine ni ya kichwa. Berkoff kazoea akiibuka anakuta wenzake wote wapo nyuma sana. Safari hii anaibuka, jamaa wa leni ya jirani yupo palepale karibu. Hata hivyo Berkoff ndo aligeuka wa kwanza kwenye mita 50, na alikuwa anaongoza. Mita 25 za mwisho ndo picha lenyewe, Suzuki anamkaba, anamkaba, Polyansky naye anakuja, watatu wanagusa ukuta jicho halioni nani kawahi. Wakageuka kutazama ubao:

Suzuki 55.05
Berkoff 55.18
Polyansky 55.20

Kati ya wa kwanza na wa tatu ni mia kumi na tano za sekunde. Kupepesa jicho tu kunachukua muda zaidi ya hapo. Ona pia kwamba Suzuki kapunguza sekunde 0.85 toka mchujo mpaka fainali, na Berkoff huyohuyo wa 54.51 kaongeza 0.67. Angerudia muda wake wa mchujo tu, leo huu uzi usingekuwepo.

kigamboni_boy

Daaah aisee. Mateke sita yamembadilishia mtu maisha

mkenya_halisi

Hiyo Seoul nakumbuka vizuri sana lakini sio kwa bwawa hehe. Sisi huku tulikuwa tunashangilia wakimbiaji wetu kina Rono, Ereng, Ngugi na Kariuki, halafu Robert Wangila akaleta dhahabu ya ndondi. Na kuna link ya Japani hapo pia: Douglas Wakiihuri aliyechukua fedha ya marathon hiyo Seoul alikuwa anaishi na kufanya mazoezi Japani. Kwa hiyo mzee wakati Mjapani anatamba bwawani, Mkenya aliyepikwa Japani alikuwa anatamba barabarani.

Mzee wa Stopuochi

mkenya_halisi umenena. Na Juma Ikangaa wetu alikuwa wa saba kwenye marathon ileile. Wajapani wanamjua Ikangaa kuliko vijana wa hapa Dar wanavyomjua, ila hilo ni jeraha la uzi mwingine.

Halafu kuna kitu watu wanasahau, siku ile ile ya 24 Septemba ndo Ben Johnson wa Canada alikimbia mita 100 kwa 9.79. Magazeti ya dunia yakajaa Johnson, na siku tatu baadaye yakajaa tena Johnson kwa dawa. Ila Japani hawakuhama kwa Suzuki, Olimpiki nzima ile walipata dhahabu nne tu, yake, mbili za mieleka na moja ya judo.

Baba Careen

Mm naomba kuuliza swali la kijinga. Kwanini chini ya maji uende haraka kuliko juu? Si maji ni yaleyale?

Dada wa Bwawani

Baba Careen sio swali la kijinga hata kidogo, nafundisha watoto kuogelea na hili wanauliza kila wakati. Ukiogelea juu, mwili unatengeneza mawimbi, na kutengeneza mawimbi kunakula nguvu yako, unasukuma maji yanapanda badala ya wewe kwenda mbele. Ukishuka chini kidogo yale mawimbi yanapungua sana. Pili, kasi kubwa kuliko zote kwenye mbio ni ile ya kujisukuma ukutani, hakuna mkono wa binadamu unaokupa kasi ile, sasa ukiwa umenyooka vizuri mikono imebana masikio unaitunza ile kasi muda mrefu, ukiibuka mapema unaimwaga. Lakini miguu ina misuli mikubwa, inakula oksijeni vibaya mno, ndo maana hata leo unaona waogeleaji wengi wanaibuka kabla ya kikomo kinachoruhusiwa, hawana pumzi ya kulipa.

Na naomba niseme kwa herufi kubwa kwa wenye watoto: WASISHINDANE KUKAA CHINI YA MAJI. Hasa ule mchezo wa kuvuta pumzi haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama. Kinachokufanya usikie hamu ya kupumua ni hewa chafu ya kaboni kujaa mwilini, sio oksijeni kuisha. Ukihema haraka haraka unaitoa ile kaboni, kwa hiyo kengele haigongi, oksijeni inaisha unazimika kimyakimya bila hata kupiga kelele. Akina Suzuki walikuwa wanafanya na kocha kasimama pembeni.

Baba Careen

Asante sana dada yangu, hilo la mwisho nalipeleka kwenye group la wazazi sasa hivi.

Wakili wa Mtaa

Nimesoma mpaka hapa na narudi na kesi yangu. Kama ilikuwa halali kwanini wakapiga marufuku? Mtu akishinda kwa kitu halafu kile kitu kikafutwa maana yake kulikuwa na walakini.

Mzee wa Stopuochi

Ni kweli baada ya Seoul shirikisho la dunia FINA likaweka kikomo cha mita 10, ikifika 1991 wakaongeza ikawa 15, na 15 ndo ipo mpaka leo. Hoja yao, nayo ina maana, ni kwamba haya ni mashindano ya kuogelea chali na mtu akimaliza theluthi ya mbio haonekani basi mtindo wenyewe umekufa, na suala la usalama kama alivyosema dada hapo juu.

Lakini Wakili, kubadilisha sheria sio hukumu ya aliyeshinda jana. Mbona hii ni kawaida kwenye huu mchezo? Melbourne 1956 Mjapani mwingine, Masaru Furukawa, alishinda mita 200 za mtindo wa chura akiogelea sehemu kubwa ya mbio chini ya maji, wakafunga mlango baada yake. Miaka ya tisini Mrusi Denis Pankratov kafanya hivyohivyo kwenye kipepeo, 1998 nako wakaweka mita 15. Hakuna hata mmoja aliyenyang'anywa medali. Sheria za bwawa huandikwa nyuma ya watu wenye akili.

Wakili wa Mtaa

Sawa lakini Suzuki baada ya kikomo kuwekwa alifanya nini? Maana kama ni kipaji kweli angeshinda na 15 pia.

Dada wa Bwawani

Hapo Wakili kapiga penyewe 😄

Mzee wa Stopuochi

Hapo nakupa. Baada ya Seoul Suzuki hakurudi tena kwenye kile kiwango, Barcelona 1992 hakuogelea na mwaka huohuo akastaafu, miaka 25 tu. Berkoff yeye alikwenda Barcelona na sheria mpya na akapata shaba nyuma ya Tewksbury wa Canada na Rouse. Kwa hiyo ukitaka kusema Berkoff alikuwa muogeleaji kamili zaidi kwa miaka yote mimi sibishi. Ila dhahabu ya mmojammoja hana, na Suzuki anayo, kwa sababu Olimpiki haiulizi nani bora kwa miaka minne inauliza nani kagusa ukuta kwanza leo.

Chogo_Tz

Mi naona huu mchezo hautuhusu bana, sisi maji yetu ni ya kuoga na kuvua samaki. Muafrika na kuogelea wapi na wapi, mifupa yetu mizito

mkenya_halisi

Chogo wacha hizo story za mifupa. Hiyo hiyo Seoul, siku tatu kabla ya Suzuki, Anthony Nesty wa Suriname, mtu mweusi tititi, alimpiga Matt Biondi kwa mia MOJA ya sekunde kwenye mita 100 kipepeo, 53.00 kwa 53.01. Nchi yao yote mabwawa ya mita 50 unahesabu kwa kidole. Na Jason Dunford wetu Beijing 2008 aliweka rekodi ya Olimpiki kwenye mchujo wa mita 100 kipepeo. Shida ni bwawa na kocha, sio mfupa.

Dada wa Bwawani

Asante mkenya. Hiyo ya mifupa naisikia kila wiki kwa wazazi, mtoto wao yupo kwenye maji anaelea vizuri tu na wao wanasema hawezi kuelea.

Chogo_Tz

Haya nimeufyata

Sanze wa Chiba

Habari zenu, nipo huku Japani miaka kadhaa sasa, kazi na masomo. Mtoa uzi umeishia 1992 lakini kwa watu wa huku Suzuki ni sura ya kwenye taarifa ya habari, wengi wa rika langu wanamjua kama mkubwa wa serikali kuliko muogeleaji. Malizia hiyo sehemu kabla sijaimaliza mimi.

Mzee wa Stopuochi

Nilikuwa nakuja huko Sanze, karibu sana.

Wengi wakistaafu wanafungua baa, tuseme ukweli. Huyu alirudi darasani. Kafundisha Juntendo, katikati hapo akaenda Marekani, na mwishoni mwa miaka ya tisini akawa kocha mgeni wapi? HARVARD. Chuo cha Berkoff! Umempiga mwanafunzi wao Olimpiki halafu wanakukaribisha ufundishe wadogo zake. 2007 akapata udaktari wa tiba palepale Juntendo, baadaye akawa profesa kamili.

2013 akawa rais wa shirikisho la kuogelea la Japani akiwa na miaka 46, hawajawahi kuwa na rais kijana vile. Oktoba 2015 serikali ikaanzisha Wakala wa Michezo chini ya wizara ya elimu, kujiandaa na Tokyo 2020, na mkuu wa kwanza akawekwa yeye. Muogeleaji, wala sio mwanasiasa wa kupewa fadhila. Kakaa miaka mitano, Septemba 2020 akamwachia Koji Murofushi, yule mrusha nyundo wa dhahabu ya Athens. Sasa hapo kuna uchungu kidogo, kazi yote ya maandalizi kaifanya, korona ikasogeza michezo mpaka 2021, inafika siku ya ufunguzi kiti kina mtu mwingine. Mwaka huohuo akarudi urais wa shirikisho la kuogelea.

Baba Careen

Profesa, daktari, mkuu wa wakala, na medali juu. Sisi huku mkuu wa chama cha mchezo hajawahi hata kulowa 😂

kigamboni_boy

Baba Careen usituletee mods hapa

Sanze wa Chiba

Umemaliza vizuri mzee. Niongeze kwamba mtindo wa chali huku ni kama urithi. Baada ya Suzuki walikuja wengi: Mai Nakamura fedha ya Sydney, Reiko Nakamura shaba ya Athens na Beijing, Tomomi Morita shaba Athens, Aya Terakawa shaba London. Na Ryosuke Irie wa Osaka, huyu kastaafu 2024 baada ya kukosa nafasi ya Paris, Olimpiki nne mfululizo, London 2012 pekee kachukua medali tatu: fedha ya 200, shaba ya 100 na fedha ya kupokezana. Irie ni kinyume kabisa cha Suzuki, sifa yake ni anavyoogelea JUU ya maji. Kuna video yake anaogelea chali na chupa ya maji kaiweka kwenye paji la uso, haidondoki mpaka anamaliza. Kichwa hakitikisiki kabisa.

Wakili wa Mtaa

Sasa huyo wa chupa ndo muogeleaji wa chali ninayemtaka mimi, anaonekana toka mwanzo mpaka mwisho.

Mzee wa Stopuochi

Irie ni fundi sibishi, 2009 aliogelea 200 kwa 1:52.86 chini ya rekodi ya dunia wakaikataa kwa sababu vazi lake halikuwa limeidhinishwa. Ona sasa Wakili, huyo unayempenda naye sheria zilimpitia! Tena dhahabu ya Olimpiki hakuipata, London kaikosa kwa 0.37, mbele yake alikuwa Tyler Clary.

Wakili wa Mtaa

Mnanichosha. Haya wekeni link ya hiyo fainali ya 88 niitazame mwenyewe ndo nitoe hukumu.

Dada wa Bwawani

Itafute tu YouTube kwa jina lake na mwaka, zipo. Ukiitazama usimfuate mwenye kamera, wewe angalia leni mbili za katikati na uanze kuhesabu mateke toka mlio wa kuanzia. Wanafunzi wangu huwa wanapotea kwenye kumi na nane hivi.

Wakili wa Mtaa

Nimeiona mara mbili. Nimehesabu 24 nikapotelea hapo. Hukumu: medali ni yake, ila kikomo cha mita 15 kibaki.

Mzee wa Stopuochi

Nakubali hukumu, sikati rufaa. Kesho nikipata bando nawaletea Kiyokawa wa 1932, yule wa dhahabu ya Los Angeles aliyekuja kuwa makamu wa rais wa kamati ya Olimpiki ya dunia, IOC.

kigamboni_boy

Kesho ni derby mkuu, leta keshokutwa